Njaa Mlangoni mwa Mwanawe

Nianze na kiti cha magurudumu, maana ndicho kilichotugombanisha mimi na Mama siku za mwanzo.

Nyuma ya jengo letu, huku Bur Dubai, kuna kiwanja kidogo chenye mwarobaini mmoja katikati na kijia cha saruji kinachouzunguka. Kila jioni, jua likishapunguza ukali, nilikuwa namshusha Mama kwa lifti nimzungushe pale apate hewa. Ukitoka mlangoni, upande wa kulia ni laini kabisa. Upande wa kushoto kuna mfuniko wa mtaro uliopinda, na gurudumu la mbele linapenda kunasa hapo. Mtu mwenye akili zake anashika kulia. Mimi nilishika kulia. Mama akaanza kukipiga kiti makofi, pa pa pa, kama mtu anayefukuza kuku.

"Siyo huku! Rudi! Mti uwe mkono wangu wa kulia!"

Nikamwuliza kuna tofauti gani, mti si ni ule ule? Akaniambia ndivyo jua linavyokwenda, na kwao tangu zamani kitu cha heshima huzungukwa hivyo. Anayezunguka kinyume anajitafutia mkosi. Nikasema moyoni, haya basi, safari hii nimepewa mwenye wazimu. Nikageuza kiti. Gurudumu likanasa. Nikavuta, nikasukuma, jasho likaniingia machoni, na yeye ametulia tuli, mikono mapajani, akisubiri nimalize. Jioni zote zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Nilimlaani yule aliyeutengeneza mtaro, lakini sikushika kulia tena.

Mama alikuwa mtu wa Ayalandi. Kabla ya kuzeeka alifundisha chuo kikuu huko kwao, na somo lake lilikuwa dini za watu wa kale wa nchi ile, wale Waselti walioishi kabla Ukristo haujafika. Alikuja Dubai kukaa na mwanawe wa pekee, mhandisi wa meli aliyeishi huku miaka mingi, akiwa ameshaachana na mkewe. Yeye nilimwita sir, kama tunavyowaita waajiri wote hapa. Mama nilipomwita madam alikataa kata kata. Akasema madam ni mwenye duka la kofia, mwite Mama.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvisha, kumpa dawa na kumlisha. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba kijiko kilifika mdomoni kitupu. Alikuwa na sukari pia, kwa hiyo mimi ndiye niliyempima kwa kumchoma kidole na kumdunga sindano kabla ya kula. Kabla yangu alikuwepo mfanyakazi mwingine, akapewa likizo, akaenda jumla asirudi. Siku zile zile Mama akateleza bafuni akiwa peke yake, nyonga ikavunjika, na huo ndio ukawa mwisho wa kutembea kwake. Hilo sir hakulisahau, na mnielewe mapema, halikuwa jambo la kusahau.

Mlango wa jirani alikaa bibi mmoja Mhindi, Mhindu wa dini, ambaye ukoo wake una maduka ya vitambaa mitaa ya nyuma. Siku ya kwanza tulipokutana kwenye lifti nilikuwa nanung'unika peke yangu kwa Kiswahili, namsema mtu fulani wa nyumbani, tena si kwa maneno ya kanisani. Yule bibi akanigeukia.

"Mwanangu, huyo alokuudhi kakufanya nini hasa?"

Nilitamani sakafu ya lifti ifunguke. Kumbe alizaliwa Unguja, akakulia Mji Mkongwe, wakahama yeye akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mara mia, na hakuacha kunikumbusha. Mimi natoka Vihiga. Kila nikifungua mdomo alikunja uso akaniambia, "Kiswahili chenu cha bara kina mawe ndani, mwanangu, chekecheni kidogo." Nilimwita Bibi, na nilimpenda tangu hapo.

Bibi alikuwa na chungu cha mrehani kwenye roshani yake, mrehani ule wanaouheshimu wao, na kila asubuhi aliumwagilia maji kisha akauzunguka polepole, ameshika ukuta. Roshani zetu zilitazamana. Asubuhi moja Mama alikuwa nje anaota jua, akamwona. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo.

"Tazama mkono wake! Tazama chungu kiko upande gani!"

Kilikuwa upande wa kulia. Mama akalia machozi, haki ya Mungu, machozi kabisa, kwa sababu ya chungu cha mrehani. Alikuwa amefundisha jambo hilo maisha yake yote, lakini alikuwa hajawahi kumwona mtu akilifanya asubuhi tu, amevaa ndara, bila mtu kumtazama.

Basi ikawa kila alasiri namsukuma Mama hadi kwa Bibi kunywa chai ya tangawizi, na wanaongea. Mimi ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya. Mwanzoni nilivaa visikilizio nikasikiliza nyimbo za injili, maana niliona hawa wawili wanazungumza upagani mtupu na mimi nina roho moja tu. Baadaye betri ikaisha. Siku nyingine nikajifanya imeisha.

Mama angesema kwamba makuhani wao wa kale hawakuandika mambo matakatifu, waliyashika kichwani miaka na miaka hadi mwanafunzi anaota mashairi. Bibi angejibu, aa, hata Mabrahmani wetu, babu yangu aliweza kukariri toka asubuhi hadi adhuhuri na hajafungua kitabu. Mama angesema wao walikuwa na mungu wa kike, mama wa miungu, aitwaye Danu, ambaye baadhi ya wataalamu wanamhusisha na mito. Bibi angefikiri, akasema katika maandiko yao ya zamani kabisa yumo Danu pia, naye ni wa maji. Halafu wangetazamana kama wanawake wawili waliogundua kwamba shangazi yao ni mmoja. Wote wawili ng'ombe kwao alikuwa mali na baraka. Na wote wawili waliamini roho haifi, inatoka mwili huu ikaingia mwingine. Mama alieleza kwamba wapiganaji wa kwao walisifika kwa kutoogopa kifo kwa sababu hiyo hiyo.

"Walikopiana?" niliuliza siku moja. Nilichoka kujifanya sisikii.

Mama akasema kuna wanaodhani walikuwa ndugu zamani sana, ukoo mmoja ukagawanyika, wengine wakashika njia ya machweo, wengine ya mawio, na kila upande ukabeba vyombo vya nyumbani kwao. Sir, ambaye alikuwa amekuja kumchukua mama yake, akacheka akiwa mlangoni. Akasema mama yake anatia chumvi. Watu popote walipo wanaona jua linakwenda upande mmoja, wanaogopa kufa na wanapenda maziwa. Hakuna haja ya undugu hapo.

"Na sisi je?" nikasema. "Kwetu pia ng'ombe ni mali. Mtoto tunampa jina la marehemu ili asipotee. Na sisi hatukuwa ndugu zao, nadhani."

 Mama akasema hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wake hawakumwuliza hata siku moja. Bibi akanimiminia chai nyingine. Sikuwa nimemaliza ile ya kwanza.

Nayaeleza haya yote kwa sababu bila hayo hamtaelewa kilichotokea baba yangu alipofariki.

Ndugu yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachemsha uji. Baba alikuwa mgonjwa, lakini si mgonjwa wa kufa, au ndivyo tulivyojidanganya. Nilizima jiko nikakaa sakafuni. Ndugu yangu akasema mwili uko mochari, wazee wameketi, na hawaziki mpaka nifike. Mimi ndiye kifungua mimba. Katika ukoo wetu kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wengine wote husubiri nyuma yake. Asipokuwepo, baba anazikwa kama mtu asiye na mtoto, na maneno ya watu hayaishi milele.

Nilinawa uso nikaenda kwa sir. Paspoti yangu aliiweka kwenye droo ya chumba chake cha kazi, eti kwa usalama. Nilimweleza. Akaniambia pole sana, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema haiwezekani sasa hivi. Ana meli ya kukagua, wakala hana mtu wa kushika nafasi yangu, nisubiri mwezi mmoja.

"Sir, mwili haungoji mwezi."

"Wenzako wote husema watarudi," akasema, hata hakuniangalia. "Mara ya mwisho niliamini, na unaona mama yangu anakaa kwenye nini. Khalas, imekwisha."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo yangenipandisha ndege siku hiyo hiyo, lakini bila paspoti hata hiyo ndege ningeipandaje? Nikaenda jikoni nikalia juu ya sinki, maji yakiwa yamefunguliwa ili nisisikike. Rafiki yangu wa Al Qusais, ninayeimba naye kwaya, akanishauri kwa simu niende kwa serikali nikalalamike, kumnyang'anya mtu paspoti hata sheria ya hapa inakataa. Alisema kweli. Lakini malalamiko yana foleni yake, na baba yangu alikuwa kwenye barafu.

Alasiri nilimpeleka Mama kwa Bibi kama kawaida, macho yamevimba kama maandazi. Bibi akaniuliza, nikamwambia yote. Akaweka kikombe chini.

"Wewe ndo wa kwanza?"

"Ndiyo, Bibi."

Akamgeukia Mama akamweleza kwa Kiingereza kwamba kwao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayewasha moto wa kumchoma baba akishakufa. Asipofika, moto unawashwa na mtu mwingine, na roho inaondoka ikigeuka geuka nyuma. Mume wake mwenyewe alichomwa hivyo, mtoto wao akiwa amekwama ughaibuni. Miaka imepita na bado linamkaa hapa, akajigusa kifuani.  Nikamrudisha Mama nyumbani, hata sikujua kama amesikia.

Asubuhi iliyofuata akaniambia nimsukume hadi mlango wa chumba cha kazi cha mwanawe, nimwache hapo hapo kizingitini. Nikamletea uji. Akafunga mdomo. Nikadhani umepoa, nikapasha. Akafunga mdomo. Sindano sikumpa, maana kumdunga mtu asiyekula ni kumuua. Nikajua tu ameudhika na mapishi yangu, basi nikajitia kupika. Mayai, akakataa. Supu ya dengu anayoipenda, akakataa, alikunywa maji peke yake. Mchana nikasema, leo utanitambua. Nikaoka kuku kwa limau na viazi, nyumba nzima ikanukia. Meza ya chakula iko hatua chache tu kutoka mlango ule. Sir akatoka, akaruka miguu ya mama yake, nikampakulia, akala vizuri mpaka akanyonya mfupa. Mama akamwangalia kila tonge.

Ndipo Bibi alipoingia, akaona, akajipiga paji la uso.

"Ee we mtoto! Umempa chakula yule?"

"Nani, sir? Si ana njaa?"

Akanivuta jikoni. Akanieleza kwamba Mama hajaudhika na mapishi yangu hata kidogo. Kwao zamani, mnyonge akidhulumiwa na mkubwa, na hana wa kumtetea, huenda akaketi mlangoni mwa yule mkubwa akakataa kula. Mkubwa asipotoa haki, aibu inamganda. Na akithubutu kula huku mwenzake ana njaa mlangoni pake, kosa lake linaongezeka. Mabrahmani wa India nao walifanya hivyo hivyo, wakaketi kizingitini na mwenye nyumba hana pa kupita. Mambo haya Mama aliyaeleza tangu mwanawe akiwa mdogo, sir anayajua vizuri sana.

"Na wewe ukampa paja la kuku," Bibi akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Mimi kufunga nilijua kwa ajili ya Mungu tu, unafunga chumbani kwako, unamwomba yeye. Kumfungia binadamu, tena mlangoni pake, tena mtoto wako wa kumzaa, hayo sikuwahi kusikia. Na alikuwa amefunga kwa ajili yangu. Niliporudi pale mlangoni sikuweza kumtazama Mama usoni.

Bibi akaenda kwake akarudi na kigoda na tasbihi yake. Alisema siku ile haikuwa siku yake ya kufunga lakini hawezi kumwacha mwenzake peke yake. Akaketi kando ya kiti cha magurudumu. Sir alitoka, akawakuta wawili, akapandisha sauti. Akamwambia mama yake huu ni mchezo wa kuigiza, vitabu vyake vimemharibu, atajiua. Mama akamjibu kwa upole kabisa kwamba mlango haujafungwa kwa kufuli, anaweza kupita. Sir akapita. Jioni nilipompelekea chakula alisema ana kazi. Sahani niliichukua ikiwa vilevile.

Siku ya pili Mama aliamka mweupe kama shuka. Bado alitaka mlangoni. Bibi alikuwa ameshafika, amejifunga shali, naye macho yameingia ndani. Kufika mchana nilimpima Mama, kipimo kikanionyesha sukari imeshuka vibaya. Mikono ilitetemeka kuliko kawaida, na jasho la baridi lilimtoka juu ya mdomo. Nilijua jasho lile. Baada ya hapo mtu hupoteza fahamu.

Niligonga mlango wa sir kwa ngumi. "Sir, sukari imeshuka!"  Sikumngoja. Nikakimbia jikoni, nikakoroga uji mwepesi, nikatia sukari bila kupima, nikapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama, kula."

Akatikisa kichwa.

"Mama, sikiliza. Hii haki ni yangu au si yangu? Kama ni yangu, nimeiacha. Baba azikwe bila mimi. Atupe udongo ndugu yangu, wazee waseme watakavyo. Mimi siwezi kuzika mtu kule kwa kuua mtu huku. Fungua mdomo."

Niliyasema na yaliniuma. Nilimwona baba yangu kabisa, na kofia yake, amesimama kwenye uzio akiangalia barabarani. Nikashika kijiko juu.

Mama aliongea taratibu, ulimi ukiwa mzito. "Si yako peke yako. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, na wa mwisho. Mtu anayemzuia mwenzake asimzike baba yake, mimi atanizika vipi?"

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Sir alikuwa amesimama juu yetu, shati la jana, ndevu hazijanyolewa, na mkononi ameshika paspoti yangu. Sijui alisimama pale tangu neno lipi. Aliniwekea paspoti mapajani.

"Nenda," akasema. "Mama, tafadhali. Kula sasa."

Mama akafunga mdomo tena. Nikapiga ukelele. "Bado nini?" Akasema aliyefunga mlangoni mwa mtu hafunguliwi na mtu mwingine, lazima chakula kitoke mkononi mwa yule yule. Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa sheria ya kale au aliitunga pale pale. Bibi alikuwa anatazama tasbihi yake kwa makini kupita kiasi.

Sir akapiga magoti, nikampa kijiko. Wallahi, mhandisi mzima hajui kushika kijiko. Alijaza mpaka juu, akasukuma kama anatia mafuta kwenye injini, uji ukamwagika kidevuni hadi kwenye nguo. Nikamwambia, sir, kidogo. Nusu. Gusa mdomo wa chini kwanza, subiri aufungue mwenyewe. Sasa ngoja ameze, tazama koo, usiangalie uso. Bado. Sasa. Akafanya hivyo. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mama alikula bakuli lote, macho hayakutoka kwa mwanawe hata mara moja. Rangi iliporudi, Bibi akaomba naye apewe chai, maana alisema njaa ya Waselti haina huruma kwa Wahindu.

Nilikuwa na jioni moja tu ya kumfundisha sir kila kitu. Sindano, vidonge, namna ya kumgeuza kitandani bila kuumiza nyonga, na kwamba anapenda kuosha uso kwa maji ya moto hata wakati wa joto. Aliomba ruhusa kazini. Bibi akaahidi kupita kila alasiri. Na mtaro? akauliza Mama. Nikamwonyesha sir kiwanja kutoka dirishani, nikamwambia mti uwe mkono wa kulia wa Mama, asijaribu ujanja.

Nilifika nyumbani Vihiga, watu wakaniacha nipite katikati yao hadi kwenye ukingo wa kaburi. Udongo wa kwetu ni mwekundu na ulikuwa umelowa mvua. Nilichota nikatupa, ukatoa sauti juu ya sanduku, na nyuma yangu wote wakaanza kutupa. Ndicho nilichokitaka, na nilikipata. Sina la kuongeza hapo.

Jioni ile, watu wakiwa bado wamejaa uani na masufuria yanachemka, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sir, picha ya gurudumu la mbele kwenye mfuniko wa mtaro, na chini yake ameandika: "Limenasa. Unafanyaje?" Nilicheka kwa sauti mbele ya waombolezaji. Mashangazi wakanitazama kwa jicho baya. Nikamjibu ainue nyuma kidogo kisha avute, asisukume.

Nilirudi. Sir alipofungua mlango alisimama tu ananitazama, kisha akachukua begi langu mwenyewe akalibeba mpaka chumbani. Paspoti hakuniuliza, nami sikumpa. Mama alikuwa anakula, na nilipotaka kushika kijiko akaniambia nipumzike kwanza, mwanawe ameshajua.

Mama alifariki msimu wa baridi uliofuata, kitandani pake, mchana, mimi na sir tukiwepo. Tulimzika Jebel Ali, kwenye makaburi ya Wakristo. Padri alisoma, akamaliza, akarudi nyuma. Watu hawakuwa wengi. Bibi alikuja, ingawa alisema wanawake wa kwao hawaendi mazikoni, akasimama amenishika mkono.

Sir alichota udongo, mchanga ule mkavu wa huku usio na uzito, akautupa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha akasimama hajui la kufanya. Baadaye akaanza kutembea kulizunguka kaburi. Alishika kulia, palipokuwa pamesawazishwa.

"Sir," nikasema. "Siyo huku."

Akasimama. Akaliangalia kaburi, akaangalia mkono wake, akageuka. Upande ule ndiko walikorundika mchanga uliochimbwa, na viatu vyake vilizama hadi kwenye vifundo. Akapita hivyo hivyo, mama yake akiwa mkono wa kulia. Nami nikamfuata nyuma na Bibi, mikono yangu haina cha kusukuma.